Jeli ya Maua ya Haibiskasi: Vile Unaipika Keja, na Maua Hufai Kugusa

Kwanza tuelewane. Jeli tunayobonga hapa si ile ya kujipaka ukitoka kuoga. Ni ile ya kupaka mkate, ndugu ya jamu. Tofauti ni kwamba jamu huwa na vipande vya matunda ndani, jeli ni maji matupu yaliyochujwa yakashikana na sukari. Ukiinua chupa kwa dirisha unaona mpaka upande ule mwingine.

Na ua rahisi la kuanza nalo liko kwa fensi za mtaani karibu kila kona ya Nairobi: haibiskasi nyekundu, Hibiscus rosa-sinensis kwa jina la kisayansi. Petali tano kubwa, na kijiti kirefu chenye unga wa njano kimetoka katikati kama mkonga. Petali zake zinaliwa. Ladha haina makelele sana, ni uchachu kidogo tu, lakini rangi ni moto.

Maua ya kuacha pekee yake

Hapa uwe rada, juu si mchezo. Oleanda inapandwa kwa fensi hizo hizo. Maua yake ni ya pinki, meupe ama mekundu, na majani ni membamba marefu. Kila sehemu yake ina sumu ya kuvuruga mapigo ya moyo. Binamu yake wa maua ya njano yenye umbo la faneli ni vilevile, mbegu zake ndio noma zaidi. Kuna pia ile yenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, Brugmansia, inanukia vizuri sana usiku. Hiyo inaweza kukufanya uone vitu haviko na uishie hosi. Kuchemsha hakuondoi sumu ya hizi zote, na sukari pia haisaidii. Kama huwezi kulitaja ua kwa jina, usilipike. Jakaranda imwagike tu kwa barabara, haiko kwa orodha ya maua ya kula.

Waridi za kuuziwa kwa trafiki pia acha. Zilikuzwa kuangaliwa, si kuliwa, na dawa wanazopulizia hazikupimwa kwa ajili ya tumbo lako. Hata haibiskasi yenyewe usichume iliyo kando ya barabara kubwa ama karibu na mtaro. Uliza mwenye ploti kama fensi imepuliziwa dawa, na umwombe ruhusa ukiwa hapo. Ua la kanjo ni la kanjo.

Mama mjamzito ama msee anatumia dawa za presha aongee na daktari kwanza kabla ya kula vitu vya haibiskasi.

Kwa nini nyingi hukataa kushika

Jeli inataka vitu vitatu: sukari, uchachu na pektini. Pektini ndio gundi, na iko kwa matunda. Maua karibu hayana. Ndio maana msee anachemsha petali na sukari masaa mawili na bado anapata sharubati. Pektini ya unga si rahisi kupata kwa duka la mtaa, lakini mapera unayo sokoni, na mapera yamejaa pektini, hasa yale hayajaiva kabisa.

Chukua nusu kilo ya mapera magumu, kata na maganda na mbegu zote, funika na maji, chemsha dakika 30 hadi 40 mpaka yalainike. Mwaga kwa kitambaa safi, funga, ning'iniza juu ya sufuria usiku kucha. Usikamue! Ukikamua jeli inakuwa na ukungu.

Maua chuma asubuhi, juu ua moja la haibiskasi huishi kama siku moja tu. Toa kijiti cha katikati na ile sehemu ya kijani chini, osha sisimizi watoke. Petali vikombe vinne, maji yaliyochemka vikombe viwili, funika nusu saa, chuja. Usishtuke ukiona maji ni zambarau ya kutisha. Kamulia limau mbili na ucheki vile inageuka nyekundu hapo hapo. Uchachu ndio unabadilisha hiyo rangi.

Sasa pima: vikombe viwili vya maji ya mapera, kimoja na nusu cha maji ya maua. Kwa kila kikombe cha mchanganyiko weka robo tatu ya kikombe cha sukari ama kikombe kizima. Tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani, hii kitu hupanda povu kama maziwa. Koroga sukari iyeyuke, halafu washa moto mkali.

Resipi za majuu zitakuambia utoe ikifika digrii 105. Hiyo ni ya mtu anaishi usawa wa bahari. Mombasa sawa. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu, na maji huchemka kwa kama digrii 94. Ukingoja 105 hapa, umekausha maji mengi sana na utapata peremende ya kung'oa meno. Chemsha maji matupu kwanza, soma thamometa yako, halafu ongeza digrii nne hadi tano. Kwa Nairobi hiyo ni kama 98 ama 99. Eldoret ni chini zaidi.

Huna thamometa? Weka sahani ya chuma juu ya maji baridi, dondosha tone, ngoja dakika moja, sukuma na kidole. Ikikunjamana kama ngozi ya chai ya maziwa, zima moto.

Chupa pia zinaumwa na huo urefu: Mombasa zichemshe dakika 10, Nairobi 16. Mimina jeli ikiwa moto, funga kabisa. Ukishafungua, weka kwa friji umalize ndani ya wiki tatu hivi. Kama keja haina friji, tumia chupa ndogo ndogo. Ukiona ukungu, tupa yote, usikwangue juu.

Na ikikataa kushika baada ya siku nzima? Rudisha kwa moto na limau moja na maji ya mapera kidogo. Ama iache hivyo hivyo, vijiko viwili kwa glasi ya soda maji na barafu, hakuna mtu atajua ilikuwa jeli.