Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwenzangu

Sisi watu wa pwani tumezoea jambo ambalo wageni wengi hulistaajabia: nyumba kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Mimi nilizaliwa Ng'ambo ya Unguja katika nyumba ya namna hiyo. Nyumba ilikuwa ya babu, kiwanja kilikuwa cha wakfu. Babu aliweza kuiuza, kuirithisha, au kuivunja akachukua miti yake. Asichoweza ni kuihamisha ikiwa nzima. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na nililielewa vizuri zaidi niliposoma habari za Marekani, ambako mamilioni ya watu wanaishi vivyo hivyo.

Tuanze na kwetu. Katika karne ya 19, wenye ardhi wengi wa Ng'ambo hawakudai kodi. Tajiri aliwaachia wafuasi wake wajenge, na heshima aliyoipata ilimtosha. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, watu wengi waliingia mjini, ardhi ikapata thamani, kodi ya kiwanja ikaja, kisha ikapanda. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa. Walishtakiwa mahakamani, lakini mgomo ulienea, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati na kuwawekea wenye viwanja mpaka.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini hawakuhama tu? Mpangaji wa chumba akipandishiwa kodi hukunja mkeka wake akaondoka. Lakini aliyejenga juu ya kiwanja cha mtu, akiondoka huiacha akiba yake yote pale pale. Mwenye kiwanja analijua hilo, na hapo ndipo penye nguvu zake.

Marekani hali hiyo ilizaliwa kwa njia nyingine. Huko kuna nyumba zinazoundwa kiwandani, zikakokotwa kwa lori hadi kwenye kiwanja cha kupanga. Huitwa nyumba za kuhamishika. Asili yake ni vibanda vya magurudumu walivyokokota watalii nyuma ya magari yao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikaa humo, na vita vilipokwisha vikawa makazi ya watu wa kipato kidogo. Halmashauri nyingi hazikuwataka majirani hao. Ziliwasukuma pembezoni, karibu na reli na viwanda, au ziliwakataa kabisa. Mwaka 1962 mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey iliikubalia halmashauri ya Gloucester kuzipiga marufuku nyumba hizo katika eneo lake lote. Ilipita miaka 21 kabla ya mahakama hiyo hiyo kuutupa msimamo huo, mwaka 1983.

Tazama matokeo yake. Viwanja vilivyoruhusiwa vikiwa vichache, mwenye kiwanja anaweza kupandisha kodi apendavyo. Uhaba ule haukuletwa na Mungu. Uliletwa na kanuni za halmashauri. Na halmashauri hizo hizo ndizo zilizokuja kuombwa dawa.

Katika mji wa Escondido, California, wapiga kura walipitisha sheria mwaka 1988 iliyorudisha kodi za viwanja hivyo kwenye kiwango cha 1986, na kuzuia nyongeza bila ya idhini ya baraza la mji. Wenye viwanja wakashtaki, wakisema kwamba ni sawa na kuitwaa ardhi yao na kuikalia. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1992 majaji wote tisa waliikataa hoja hiyo. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba ni takriban nyumba moja tu katika mia inayohamishwa tena baada ya kuwekwa. Basi kuhamishika kwenyewe ni jina tu!

Hata hivyo, dawa ile ilikuwa na kasoro zake. Mwenye nyumba akiuza, aliweza kudai bei kubwa zaidi, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ananunua pamoja na kodi nafuu. Faida akaondoka nayo muuzaji. Tena sheria ya jimbo ilimruhusu mwenye ardhi kubadili matumizi yake na kuwaondoa wapangaji wote, kwa kuwapa notisi ya miezi 6 au 12. Kodi ilikuwa na mpaka. Kukaa hakukuwa na dhamana.

Hapo ndipo ninaporudi Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya serikali, na wenye viwanja wa zamani wakatoweka. Lakini yalipojengwa majumba makubwa ya Michenzani, nyumba nyingi za Kiswahili zilivunjwa kupisha ujenzi. Waliovunjiwa wengi walipewa fleti, na wapo walioshukuru. Ila uamuzi wa kuhama haukuwa wao, kama ambavyo haukuwa wa wapangaji wa 1928.

Kwa hiyo naona kwamba swali la kodi, ingawa ndilo linalowatoa watu barabarani, ni la pili. La kwanza ni nani mwenye amri ya kusema "ondoka", na kwa masharti gani. Halmashauri yoyote inayopanga viwanja leo, na iwe ya Escondido au ya Unguja, ingefaa ilijibu hilo kwa maandishi kabla ya mtu kusimamisha nguzo yake ya kwanza.