Mlango au bandari? Istilahi za terminali na adapta ya USB

mlango nm. mi- [u-/i-] (kompyuta) mahali ambapo data huingia na kutoka katika kifaa: *Chagua mlango sahihi kabla ya kufungua terminali.*

Asili ya utata. Watafsiri wengi huandika *bandari*. Kosa hilo lina chanzo chake: neno la Kiingereza linalotafsiriwa limebeba maneno mawili ya Kilatini, *portus*, yaani bandari, na *porta*, yaani lango. Kiswahili kinayatenga. Meli hutia nanga bandarini; data hupita mlangoni.

Matumizi. Adapta ya USB huiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa kwa mfuatano, yaani biti moja baada ya nyingine. Ikichomekwa, Windows huipa mlango wenye jina kama COM3. Katika Linux, aghalabu ttyUSB0. Mwongozo wa kutafuta hitilafu hutegemea istilahi hizi:

1. *Mlango hauonekani:* kagua kebo na programu inayoendesha adapta.
2. *Mlango unaonekana lakini haufunguki:* huenda programu nyingine inautumia, au mtumiaji hana ruhusa.
3. *Herufi hazisomeki:* aghalabu kasi za pande mbili hazilingani.
4. *Skrini ni tupu:* huenda nyaya hazikupishanishwa. TX, waya wa kutuma, sharti ufike kwenye RX, waya wa kupokea, wa upande wa pili.

Ili kuipima adapta, itenge na kifaa, zima udhibiti wa mtiririko, unganisha TX yake na RX yake, kisha andika. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Tatizo litafutwe kwingine.

baudi nm. [i-/zi-] kipimo cha idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, kutokana na jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa. Epuka tahajia *bodi*, ambayo tayari ina maana ya halmashauri na ya umbo la gari. Andika: *kasi ya baudi 9600*.

pariti nm. [i-/zi-] biti ya ziada ya kukagulia makosa. Tafsiri *hakuna usawa* humfanya msomaji afikirie dhuluma. Andika *bila pariti*. Hivyo, mpangilio 8N1 husomwa: biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukiongeza biti ya kuanza, kila herufi huchukua biti 10. Kwa kasi ya 9600, hazizidi herufi 960 kwa sekunde.

Tanbihi kwa watafsiri. Msomaji wa mwongozo wa aina hii tayari amekwama. Akiambiwa atafute bandari, au akidhani kuwa usawa ni jambo la haki, anaweza kuitupa adapta nzima ilhali kilichoharibika ni tafsiri.

*Si sahihi:* Fungua bandari COM3, bodi 9600, hakuna usawa.
*Sahihi:* Fungua mlango COM3 kwa kasi ya baudi 9600, bila pariti.