Mushahara wa karani wa banki: miaka, mahali, na pesa yenyewe



Kila mara wadogo wetu wanapomaliza économie au gestion, swali linarudi lile lile: «Ku banki wanalipa ngapi?» Mmoja anataja bei ya Kinshasa, mwingine anataja ya Bunia, wa tatu anasema shangazi yake alianza na kidogo lakini leo, kisha miaka mingi, anaishi vizuri. Kila mutu ana namba yake, na namba hazipatani.

Naona historia ya inchi yetu inaweza kutusaidia hapa. Tumezoea kusema kwamba mushahara unapanda na experience na unabadilika kufuatana na mji. Ni kweli. Lakini kwetu Kongo kuna kitu cha tatu ambacho mara nyingi kimeshinda hivyo viwili: pesa yenyewe ambamo mushahara unahesabiwa. Na pesa hiyo, mara nyingi, ni mahali ndipo paliamua.

Tuanzie mwanzo. Banque du Congo Belge iliundwa mwaka 1909. Wakati wa ukoloni, makarani wawili wangeweza kukaa mu biro moja, kila mmoja na kitabu chake cha hesabu, lakini hawakuwa chini ya sheria moja. Mwafrika alikuwa chini ya dekre ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya «contrat de travail». Mzungu alikuwa na «contrat d'emploi», ambayo dekre ya tarehe 25 Juni 1949 iliipanga upya. Majina mawili ya kontra, dunia mbili. Juu ya hayo, mushahara wa chini wa Mwafrika ulipangwa kufuatana na eneo, na sehemu yake ilikuwa posho, ni kusema chakula. Wa Léopoldville au Élisabethville hakuhesabiwa sawa na wa mashamba ya ndani.

Kwa hiyo karani Mwafrika aliweza kuongeza miaka, kuandika vizuri, kujua Kifaransa na hesabu, lakini kulikuwa na plafon juu ya kichwa chake. Si bure wakubwa wetu wa kwanza wa siasa walitoka mu kundi hilo. Joseph Kasa-Vubu alikuwa karani mu idara ya fedha ya koloni tangu 1942. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta kule Stanleyville. Watu hao walijua vizuri maana ya kufanya kazi yenye kufanana na kulipwa mbalimbali. Mapigano ya uhuru yalikuwa pia mapigano ya mushahara, hata kama vitabu vya shule havisemi sana.

Kisha uhuru, banki ile ikaitwa Banque Commerciale du Congo, halafu Banque Commerciale Zaïroise. Mwezi wa Juni 1967 pesa mpya ikatoka: zaire 1 ilikuwa na thamani ya franka za zamani 1.000, na ya dola 2 za Marekani. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, inchi ikapata Code du travail yake. Kwa wazee wetu waliofanya kazi banki wakati ule, ndiyo ilikuwa saa nzuri. Sheria moja kwa wote, pesa yenye nguvu, na kupanda daraja kwenye kuonekana. Experience ilikuwa na maana kwa sababu kipimo chake hakikuwa kinayeyuka.

Lakini kipimo kikaanza kuyeyuka. Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula. Septemba 1983, zaire ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kwa mara moja. Karani mwenye miaka 15 ya kazi alikuwa na daraja yake karatasini, lakini sokoni daraja haiuzi kitu.

Miaka ya 1990 ndiyo inatuonyesha jambo hili wazi kupita yote. Januari 1993, maaskari wa Kinshasa walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi na wafuasi wake walikuwa wameikataa noti hiyo, wafanyabiashara nao wakaikataa, na mji ukaporwa. Oktoba 1993 ikatoka nouveau zaïre: 1 kwa zaire za zamani milioni 3. Wakati wa kutoka, nouveaux zaïres 3 zilikuwa dola 1. Ilipofika 1994, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9.000 mu mwaka mmoja.

Na Kasai je? Wakasai walikataa nouveau zaïre, wakabaki na zaire ya zamani. Noti hazikuchapwa tena, basi zile zilizobaki zikalinda thamani yake vizuri kuliko pesa ya Kinshasa. Fikiria sasa makarani wawili, daraja moja, miaka sawasawa ya kazi, mmoja Kinshasa na mwingine Mbuji-Mayi. Inchi ni moja, lakini soko la mmoja halikubali noti ya mwenzake. Hapo «mahali» si bei ya nyumba na ya transport tu. Mahali ndipo panaamua kama mushahara wako ni pesa ao ni karatasi.

Tarehe 30 Juni 1998 ikatoka franka ya Kongo: franka 1 kwa nouveaux zaïres 100.000. Mwanzoni mwa 1999 serikali ilikataza kufanya biashara kwa dola. 2001 ikaruhusu tena. Kisha hapo, tukaingia mu mfumo tunaoujua leo: franka mu sheria, dola mu kichwa.

Hapa ninawaomba mufuate hesabu pamoja nami, kwa sababu ndiyo inagusa wadogo wetu moja kwa moja. Code du travail mpya ilitoka Oktoba 2002. Ordonansi ya Aprili 2008 juu ya SMIG ilipanga franka 1.680 kwa siku kwa mfanyakazi wa chini kabisa, ni kusema dola 3 za wakati ule. Pale chini ndipo panajengwa ngazi yote: semi-qualifié, qualifié, maîtrise, hata cadre. Na kwa ancienneté kuna nyongeza ya asilimia 3 kwa mwaka.

Asilimia 3 inaonekana nzuri. Kwa miaka 10, inakupandisha karibu asilimia 34. Lakini tazama taux. Mwishoni mwa 2015 dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa karibu 1.600. Tuseme karani alikuwa anapata franka 465.000: ilikuwa dola 500. Kisha miaka miwili, na nyongeza yake mara mbili, anapata karibu franka 493.000. Kwa taux mpya, ni karibu dola 310. Ili asilimia 3 peke yake irudishe kile taux ilikula mu miaka miwili, inaomba miaka 18 hivi. Na ile SMIG ya dola 3? Mwishoni mwa 2017 ilikuwa imebaki karibu dola 1. Mwezi wa Mei 2018 ndipo serikali iliipandisha kufika franka 7.075.

Ndiyo maana makarani wawili wa tawi moja, gishe kwa gishe, wanaweza kuwa na maisha mbalimbali kabisa. Mmoja kontra yake inapigiwa hesabu kwa dola, halafu analipwa franka kwa taux ya siku. Mwingine yote iko mu franka. Yule wa pili anaweza kuwa ndiye mkubwa kwa miaka, na bado ndiye maskini.

Mahali nako kumebadilika. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake kupitia banki, na banki zikafungua milango mu miji ambayo miaka ya 1990 ilisahauliwa. Vijana wengi walipata kazi yao ya kwanza kwa njia hiyo, mbali na kwao. Lakini Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, Februari Bukavu, na banki zikafunga. Code du travail inakubali kontra isimamishwe kwa sababu ya force majeure. Siku ile, mwenye miaka 15 na mwenye miezi 5 walikuta mlango uleule umefungwa. Wenzetu wamo mu hiyo hali, tusijifanye hatujui.

Basi, mdogo wangu unayeingia entretien, usiulize «ngapi?» peke yake. Uliza: mushahara unahesabiwa kwa pesa gani, na taux ni ya nani, ya Banque Centrale ao ya ndani ya kampuni? Uliza: ninaingia mu classification gani, na miaka yangu ya stage inahesabiwa? Uliza: nikitumwa mji mwingine, indemnité ya logement na ya transport inafuata bei ya wapi? Na hiki cha mwisho, watu wanaona haya kukiuliza: tawi likifungwa, mimi ninakuwa nani? Majibu yaandikwe mu kontra, si mdomoni.

Wazee wetu walilipwa kidogo kwa sababu ya rangi, kisha kwa sababu ya noti. Sisi tuna sheria ambayo wao hawakuwa nayo. Tuisome mbele ya kutia sahihi.

Na ninyi dada na kaka mulioishi gishe ya miaka ya 1980 na 1990, kama mulichunga bulletin za mushahara za wakati ule, mutuletee. Ile ni historia ambayo bado haijaandikwa, na iko mu sanduku zenu.