Kabla ya Inboksi Kulikuwa na S.L.P.: Historia ya Marafiki wa Kalamu

Siku hizi kijana akitaka kujifunza Kikorea au Kijerumani kwa kupiga stori na mwenyeji wa huko, anapakua programu kama HelloTalk au Tandem, anaweka picha, anachagua lugha, na muda si mrefu kuna mtu anamsalimia kutoka Seoul. Wengi wanadhani mambo haya yameletwa na simu za kisasa. Wapi! Mchezo huu una zaidi ya miaka 120, na una sheria zake. Waliofaidi ni wale waliozifuata. Walioumia, wakiwemo Wabongo wengi tu, ni wale waliozisahau au waliokutana na mtu asiyezijali.

ULIANZIA DARASANI

Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Kiingereza nchini Ufaransa alikuwa na tatizo ambalo hata walimu wetu wa sekondari wanalijua. Wanafunzi wanakariri sarufi vizuri, lakini hawana wa kuongea naye. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila mwanafunzi atafutiwe mwenzake ng'ambo ya bahari, waandikiane barua. Mara hii unaandika kwa lugha yako ili mwenzio asome lugha yenyewe inavyotumika, mara ijayo unaandika kwa lugha yake ili akusahihishe.

Kule London, mhariri mmoja maarufu wa jarida akalipenda wazo hilo na kulitangaza. Ni huyo huyo aliyekuja kufa kwenye ajali ya meli ya Titanic mwaka 1912. Wajerumani nao hawakukaa nyuma, wakaweka ofisi ya kuwaunganisha wanafunzi katika mji wa Leipzig.

Ukiangalia vizuri, mpango mzima ulisimama juu ya kitu kimoja: nipe nikupe. Mtoto wa Ufaransa hakuwa anaomba msaada wa Kiingereza. Alikuwa na Kifaransa mkononi, na mwenzake wa Uingereza alikihitaji.

POSTA NDIYO ILIKUWA INTANETI YAO

Barua za namna hii zisingewezekana bila posta za dunia kukubaliana. Hilo lilifanyika mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874, ulipoundwa umoja wa posta ambao sasa uko chini ya Umoja wa Mataifa. Ukibandika stempu ya nchi yako, barua inafika nchi nyingine bila mtu kudaiwa njiani.

Lakini jibu nani alilipie? Stempu ya Tanzania haina kazi Japani. Mwaka 1906, kwenye mkutano wa posta uliofanyika Roma, ikapatikana kuponi ya majibu. Unainunua posta kwenu, unaitia ndani ya bahasha, mwenzio anaipeleka posta ya kwao na kupewa stempu za kukujibu. Ilikuwa njia ya kistaarabu ya kumwambia mwenzio kwamba hutaki urafiki huu umtie hasara.

Na penye kitu kizuri tapeli hachelewi. Mwaka 1920 jamaa mmoja wa Boston, Marekani, aliwaambia watu kwamba ananunua kuponi hizo kwa bei ya kutupa Ulaya na kuzibadilisha Marekani kwa faida ya kufa mtu. Watu wakamwaga hela. Kumbe alikuwa anawalipa wa mwanzo kwa pesa za waliokuja nyuma yao. Alipoanguka, aliacha jina lake: mpaka leo upatu wa aina hiyo duniani kote unaitwa "Ponzi".

FOMU KUTOKA FINLAND

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kazi hii ilipata nguvu upya, maana nchi zilizokuwa zinauana zilitaka vijana wao wafahamiane. Mwaka 1952 huduma moja ilianzishwa Turku, Finland. Mwanafunzi alijaza fomu: umri, lugha anazojua, anachopenda, nchi anazozitaka. Analipa ada ndogo, kisha anatumiwa majina ya vijana wa rika lake. Huduma hiyo ilidumu mpaka mwaka 2008, intaneti ilipokuwa tayari imeshaichukua kazi yake.

Ufaransa na Ujerumani zilikwenda mbali zaidi. Zilisaini mkataba wa urafiki mwaka 1963, na ofisi ya vijana ya nchi hizo mbili ikaundwa. Katika kozi za pamoja vijana walianza kufundishana wawili wawili, na njia hiyo ikaitwa tandemu, jina la baiskeli ya watu wawili. Ukiwahi kuona baiskeli ile utaelewa kwa nini: kuna pedali za mbele na za nyuma, na kila mmoja anatakiwa kukanyaga.

BONGO NA KENYA: MAMBO YA S.L.P.

Huku kwetu mlango mkubwa wa dunia ulikuwa redio. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Redio Peking mwaka 1961, Deutsche Welle mwaka 1963. Vituo hivi viliwataka wasikilizaji waandike, na wasikilizaji waliandika kwelikweli. Magazeti na majarida nayo yalitoa nafasi kwa marafiki wa kalamu: jina, umri, sanduku la posta, kisha "anapenda kusoma, kusikiliza muziki, kubadilishana picha na stempu."

Barua hazikuletwa mlangoni. Zilifikia S.L.P., na kwa mwanafunzi sanduku lilikuwa la shule, la kanisa au la mjomba mwenye kazi serikalini. Maana yake ni kwamba barua ilipita mikono kadhaa, na katika baadhi ya shule mwalimu aliifungua kwanza. Jibu la ng'ambo liliweza kuchukua wiki nyingi. Mtu aliandika akiwa kidato cha pili mwanzo wa muhula, akajibiwa muhula unaisha.

Barua zenyewe zilikuwa na mtindo wake. Huwezi kuanza bila "ama baada ya salamu", kisha "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Mwanafunzi aliyebeba maneno hayo na kuyageuza Kiingereza neno kwa neno alimwacha rafiki wa Ulaya akijiuliza kama kuna mtu anaumwa. Hapo ndipo kujifunza kulipoanzia, mmoja akiuliza, mwingine akieleza.

ILIPOHARIBIKA

Tatizo ni kwamba wengi wa huku waliingia kwenye mchezo wakidhani hawana cha kutoa. Waliandika kwa Kiingereza tu, wakimwona mwenzao kuwa mwalimu au mfadhili. Barua ya kwanza salamu, ya pili picha, ya tatu ombi: viatu, saa, kamera, ada ya shule. Shida zilikuwa za kweli, hakuna anayebisha. Lakini rafiki wa umri wa miaka 16 kule Finland naye alikuwa mtoto wa shule. Akipokea barua ya namna hiyo, mara nyingi alinyamaza. Huku mtu anabaki kulaumu posta.

Cha kuuma zaidi ni kwamba cha kutoa kilikuwepo. Kiswahili kimekuwa kikifundishwa miaka mingi kwenye vyuo vikuu vya nje: London, Beijing, Osaka, na hata Leipzig, mji ule ule wa ofisi ya barua za wanafunzi. Wote hao walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaeleza kwa nini "nimekula" na "nilikula" si kitu kimoja. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha ambayo kijana wa Kigoma au Mombasa anaiongea bila kufikiri, kuna mtu analipa ada kuisoma.

INTANETI IMEREKEBISHA NINI?

Baruapepe ilipokuja miaka ya 1990, chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, kilikuwa miongoni mwa vilivyounganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa kompyuta. Kanuni ilikuwa ile ile ya 1896: nusu lugha yako, nusu lugha yangu. Mwaka 1998 ukaja mtandao wa InterPals, na baadaye programu za simu. Wiki nyingi za kusubiri zikawa sekunde.

Ila Ponzi naye hakufa. Kila mtu Bongo ameshasikia habari ya "mzungu" wa mtandaoni aliyetuma zawadi, mzigo ukadaiwa umekwama forodhani, na dada wa watu akatakiwa kutuma laki kadhaa ili utoke. Mzigo haupo, mzungu hayupo, na laki zimekwenda. Kuna pia wanaojifanya wanafunzi wa lugha, siku ya pili wanaomba picha za faragha, ya tatu wanatishia kuzisambaza.

Ukipima hayo yote kwa sheria ya yule mwalimu wa Kifaransa, yanajionyesha mapema. Anayetafuta lugha kweli anasahihisha na anataka kusahihishwa. Anakubali nusu saa ya Kiswahili kwa nusu saa ya lugha yake. Hana haraka ya kukuhamisha kwenda WhatsApp, na pesa haiingii kwenye mazungumzo, si kwake wala kwako. Na wewe unayejisajili, pale kwenye lugha unayotoa usiandike Kiingereza cha kuombea. Andika Kiswahili.

Na kama nyumbani kuna mama au mjomba aliyewahi kuwa na rafiki wa kalamu, muulize barua ziko wapi. Nyingine bado ziko chini ya kitanda kwenye sanduku la bati, stempu zimebanduliwa, na pembeni ya mistari kuna masahihisho ya wino mwekundu yaliyoandikwa na mtu ambaye hawakuwahi kuonana.