Utibufu, Si Uchafu

Ziko tafsiri mbaya zinazochekesha tu, na ziko zinazoumiza tumbo. Kuiita turbidity "uchafu wa maji" ni kosa la aina ya pili, na tumbo linaloumia si la mtafsiri. Msomaji wa makala za istilahi hahitaji somo refu kuhusu dhana yenyewe: ni ile hali ya maji kubeba chembechembe za udongo, mboji na vijimea, mwanga ukizigonga ukatawanyika badala ya kupita. Kinachohitaji maelezo ni namna watu wazima, wenye kamusi mezani na posho ya kikao mfukoni, walivyoitazama dhana hiyo wakaona neno linaloifaa ni uchafu. Mwandishi huyu ana neno lake, utibufu, na haoni haya kulipigia debe.

Tulipeleke hilo "uchafu" Nuu, upande wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, tuone litafanya nini huko. Vijito vya Nuu ni vya msimu. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea kuliko zile za Machi hadi Mei, zikishuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokaa miezi bila majani, kijito hujaa maji mazito ya rangi ya kahawia, kisha hupungua, hukata, na kubakia mchanga mtupu. Hapo ndipo watu hufukua mchanga hadi wapate kithima, neno la Kikamba ambalo ni ndugu wa damu wa kisima chetu. Maji ya kithima hujikusanya polepole. Huchotwa kwa kata, kidogo kidogo, hadi mtungi wa lita 20 ujae, na chini yake unaziona punje za mchanga moja moja. Kwa jicho, hayo ndiyo maji safi. Lakini hatua chache kutoka hapo mbuzi wamekunywa, punda wamesimama, ng'ombe wameacha samadi, na pale ambapo choo kimechimbwa karibu na ukingo, au hakikuchimbwa kabisa, mvua inayofuata husomba kila kitu hadi mtoni. Bakteria wa E. coli hawana rangi. Chumvi iliyoyeyuka haina rangi, na maji mengi ya chini ya ardhi ya Kitui yana chumvi. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 zililijua hilo: katika jedwali la vyanzo vya maji ya nyumbani, chembe zinazobebwa na maji ziliwekewa kikomo cha miligramu 30 kwa lita, na E. coli walipewa mstari wao peke yao, wasionekane hata mmoja katika mililita 100. Fomu yenye safu iitwayo "uchafu" huifunga mistari hiyo miwili katika kifurushi kimoja. Mjumbe wa chama cha watumiaji maji anachungulia chupa, haoni kitu, anaandika "hakuna", na kwa Kiswahili alichoulizwa amejibu sawasawa.

Kosa hilo lina upande wa pili: huyasingizia maji yasiyo na hatia. Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga, mengi yakiwa yamejengwa tangu miaka ya 1990 na wanavijiji wakishirikiana na shirika la SASOL. Ukuta hukingamishwa kijitoni juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na udongo laini ambao bado umetibuka ndani ya maji huvuka juu ya ukuta ukaenda zake. Mchanga uliobaki ndio tangi. Maji hujificha katikati ya punje, mbali na jua na mbu. Udongo laini ukitua pamoja na mchanga, nafasi hizo huziba na bwawa hufa. Kwa hiyo maji ya kahawia yanayovuka ukuta ni dalili kwamba bwawa linafanya kazi yake, na aliyefunzwa kuyaita machafu atasikitika wakati wa kufurahi. Si kwamba rangi hiyo haina habari. Kipimo kikipanda mwaka hadi mwaka kwa mvua ileile, kinaushtaki mlima uliokatwa miti na mashamba yasiyo na matuta. Hakimshtaki mwenye choo. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, yenye washtakiwa tofauti na fidia tofauti.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, na hapa naomba nisikimbizwe. Turbidus ya Kilatini imetokana na turba, yaani ghasia, msukosuko wa watu wengi. Maana ya asili haikuwa najisi, ilikuwa fujo: kilichotulia kimevurugwa. Kiswahili kina kitenzi chenye picha hiyohiyo, tena cha majini: kutibua. Anayetibua maji ni yule anayetia mguu kisimani, tope lililotua likapanda. Watu hutibua pia mambo, hutibua mipango, hutibua hasira za wazee, na matawi yote hayo yamechipuka kutoka kwenye tope moja. Kitenzi hicho kina mwenzake wa kinyume, kutuama, na kati yao kuna mashapo, ambayo hupanda maji yakitibuka na kushuka yakituama. Lugha yenye maneno hayo matatu ilikuwa na nadharia nzima ya kipimo hiki kabla ya maabara. Ufundi wenyewe wa kupima, huko ulikoanzia, haukuwa wa ajabu: mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa maji wa Marekani waliweka mshumaa chini ya bomba la kioo, wakamimina maji taratibu hadi mwali ukapotea machoni, kisha wakasoma kina cha maji. Siku hizi kifaa cha kushika mkononi hupima mwanga unaotawanyika kwa pembe ya nyuzi 90. Mshumaa umezimwa, swali ni lilelile: je, yametibuka kiasi gani? Na kutoka tibuka kupata jina la hali ni kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Changamka imetoa changamfu, nyooka imetoa nyoofu, punguka imetoa pungufu, kunjuka imetoa kunjufu. Tibuka inatoa tibufu. Tanguliza u- upate utibufu, ukae benchi moja na uchangamfu na upungufu. Kinyume chake hakihitaji hata kuundwa, maana uangavu upo. Hakuna silabi iliyokopwa hapa, na huenda ndiyo sababu halikuwapendeza wanaoamini kwamba istilahi isiyomtoa jasho msomaji haijakomaa.

Watetezi wa uchafu wana hoja moja ya maana, nami nitaitendea haki kuliko wanavyoitendea wenyewe. Bahari, watasema, huchafuka bila kutiwa taka, hali ya hewa huchafuka, tumbo huchafuka. Basi kuchafuka nako ni kuvurugika, na uchafu ni mtoto wake halali. Kweli, lakini kitenzi na nomino havikuzeeka pamoja. Mvuvi akisema bahari imechafuka, hakuna anayedhani imemwagiwa takataka. Mvuvi huyohuyo akisema bahari ina uchafu, hakuna anayedhani ni mawimbi. Wapo pia wapenzi wa "uwingu", waliogundua kwamba jina la kizio cha kifaa, NTU, limebeba neno la Kigiriki la wingu, nephele, wakadhani wamefika kwenye kiini. Wamesoma lebo ya mashine. Tena Nuu mtu akiona wingu huinua uso kwa furaha. Si picha ya kumtahadharisha nayo. "Utope" nao unakwama mapema: tope ni kitu, si hali, na maji yaliyojaa vijimea vya kijani hutibuka bila hata chembe ya tope.

Pingamizi gumu ni la sikio. Maji yaliyotibiwa na maji yaliyotibuliwa yanapishana kwa sauti chache, na maana zake zimepeana mgongo. Je, si hatari kuyaweka kwenye ripoti moja? Ni hatari. Lakini tuangalie ni nani aliyeingia nyumba ya mwenzake. Kutibu ni neno la uganga, lililotoka kwenye tibb ya Kiarabu, na mgonjwa wake ni kiumbe chenye uhai. Maji hayaugui. Kiswahili kilikuwa na kusafisha na kutakasa, na watu wakielewana, hadi mtafsiri mmoja alipokutana na kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kwa wagonjwa na kwa maji vilevile, akakihamisha na vyombo vyake vyote. Mgongano huu basi haukuletwa na utibufu. Umeletwa na waliolaza maji hospitalini. Wayaruhusu yatoke wodini, na sikio litapumzika.

Wataalamu wa afya watauliza kama ninatenganisha mno vitu vinavyotembea pamoja. Ni kweli, utibufu na vijidudu huandamana mara nyingi. Chembe huwa ngao ya vijidudu, na klorini ikitiwa kwenye maji yaliyotibuka humalizikia njiani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka hata miradi midogo ya maji ijitahidi kushuka chini ya kizio 1 kabla ya klorini, na isivuke 5, ilhali jicho la binadamu huanza kuuona utibufu karibu na 4. Lakini mwenye kuandamana si mwenye kufanana. Ukitia shabu, chembe hushikana, hutuama, maji yakang'aa. Klorini bado inadaiwa. Mto Athi, unaoyabeba maji ya Nairobi hadi mpakani mwa Makueni na Kitui penye mradi wa bwawa la Thwake, una utibufu na una uchafu, na atakayeyanywesha maji hayo watu lazima ajue kipi kimeshuka na kipi bado.

Itasemwa, mwisho, kwamba neno halina kibali cha kikao. Basi tuonyeshwe kumbukumbu za kikao kilichopitisha fanya juu. Matuta hayo, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kuchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa mlimani, yalienea Machakos tangu miaka ya 1950, wakati Makueni ikiwa bado sehemu yake, na leo wataalamu wa udongo wa mataifa mengine huandika fanya juu hivyohivyo katika Kiingereza chao. Lilishikwa na majembe kabla ya kushikwa na makatibu. Na kwa kijito kama vile vya Nuu, fanya juu ni nusu ya dawa: matuta, miti na gabioni huko juu hushusha utibufu. Nusu ya pili ni ua la miiba kuzunguka kithima, birika la mifugo lililowekwa mbali nacho, na vyoo kando ya njia ya mafuriko. Hiyo hushusha uchafu. Kijiji kilichopewa neno moja kwa yote mawili kitafanya nusu moja kikidhani kimemaliza.

Matumizi hayana ugumu: maji matibufu, kijito kitibufu, utibufu umefika 60. Kwenye fomu ziwe safu mbili. Ya utibufu hujazwa palepale ukingoni, kwa mrija mrefu wenye alama nyeusi kwenye kitako, maji yakimiminwa hadi alama ipotee. Ya E. coli huachwa wazi hadi kesho, maabara ikishajibu.