Mtoto Alazweje?

Wengi wetu tunaifahamu hukumu ya Mfalme Sulemani juu ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Tunapoisimulia hukimbilia upanga, maana ndipo penye hekima ya mfalme, na chanzo cha ugomvi wenyewe hukisahau. Chanzo kimeandikwa wazi katika sura ya tatu ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: mtoto mmoja alifariki usiku, na sababu iliyotolewa ni kwamba mamaye alimlalia. Aliyetoa ushahidi huo ni mwanamke mwenzake, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa usingizini. Mfalme hakuuliza mtoto yule alikufaje. Akaamua ya mtoto aliye hai, na neno lile la kulaliwa likabaki kama lilivyosemwa.

Tangu nistaafu nimesoma mengi juu ya vifo vya watoto wachanga usingizini, na naona kwamba kwa karne nyingi dunia haikusogea sana kutoka baraza lile. Mtoto mzima wa afya analazwa jioni, asubuhi hayupo. Hakuna jeraha wala homa. Basi mama kamlalia. Huko Ulaya Kanisa lilimpa mama wa namna hiyo toba ya miaka. Mjini Florence, Italia, walibuni kichanja cha mbao chenye matao, wakikiita arcuccio, mtoto akalazwa humo asiangukiwe na mwili wa mtu mzima. Pembeni kilikatwa nafasi ili mnyonyeshaji aweze kumpa titi bila kumtoa. Katika karne ya 18 iliandikwa kwamba yaya asiyekitumia angetengwa na Kanisa. Ninakistahi kifaa hicho, kwa kuwa angalau aliyekibuni alijaribu kuzuia badala ya kulaumu tu.

Mwaka 1892, daktari wa polisi wa mji wa Dundee, Uskoti, jina lake Charles Templeman, alichapisha habari za watoto 258 waliodhaniwa kufa kwa kukosa hewa kitandani. Aliona kwamba vifo vingi vilitokea usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, siku ya mishahara na ulevi. Akataja ulevi, ujinga, uzembe na msongamano wa watu katika chumba kimoja. Sina shaka kwamba wapo watoto waliokufa hivyo. Lakini tazama, msomaji wangu, jinsi hesabu ilivyogeuka kuwa hukumu juu ya maskini. Sheria ya watoto ya Uingereza ya mwaka 1908 ikamfanya mlevi aliyemlalia mtoto kuwa mkosaji.

Wakati huohuo wataalamu wengine waliona sababu ndani ya kifua cha mtoto, katika tezi iitwayo thaimasi. Walipopasua maiti za watoto waliokufa ghafla waliikuta tezi hiyo kubwa, wakasema ndiyo iliyoua. Kumbe ndio ukubwa wake wa kawaida. Maiti walizozizoea zilikuwa za watoto waliougua muda mrefu, ambao tezi zao zilikwisha kunywea. Kwa miaka mingi watoto wazima walipigwa mionzi ili kuipunguza, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya tezi ya shingo.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi kama mwalimu. Mwaka 1944, daktari Harold Abramson wa New York alichunguza watoto waliosemekana kufa kwa kukosa hewa, akaona kwamba wengi wao walikutwa wamelala kifudifudi. Dalili ilikuwa mezani. Lakini katika miaka ya 1950 kitabu cha malezi cha Dkt. Benjamin Spock, kilichouzwa kwa mamilioni, kikaanza kuwashauri wazazi wamlaze mtoto kwa tumbo. Sababu yake ilisikika kuwa ya busara: mtoto aliyelala chali akicheua, atapaliwa. Hakuna aliyekuwa amepima. Hospitali zikafuata, wauguzi wakafundishwa, nao wakawafundisha akina mama. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha tulikuwa na rafu nzima ya vitabu vya malezi kutoka nje, na mwanafunzi aliyenukuu kitabu alipata alama kuliko aliyenukuu bibi yake. Ndivyo elimu inavyokwenda, na kwa kawaida ni sawa. Hapa haikuwa sawa.

Mwaka 1969, katika mkutano wa wataalamu mjini Seattle, Marekani, vifo hivyo vilipewa jina lake rasmi: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ambacho uchunguzi haukukipatia sababu. Jina si dawa, lakini liliwapa wazazi neno lisilo na lawama. Huko Uholanzi ushauri wa kulaza kifudifudi ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vifo vikapanda. Mwaka 1985 daktari mmoja wa Hong Kong aliandika kwamba kwao vifo hivi ni nadra, akaeleza kwamba watoto wa Kichina hulazwa chali kwa desturi. Mwaka 1987 Profesa Guus de Jonge akawaambia Waholanzi waache kuwalaza watoto kifudifudi, na vifo vikashuka. New Zealand na mji wa Bristol, Uingereza, walipata majibu yaleyale. Mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alifiwa na mwanawe Sebastian mwaka 1991, akaenda New Zealand kuona walichokigundua, akarudi na kuisukuma serikali yake. Mwishoni mwa mwaka huo kampeni ikaanza, na katika miaka michache vifo Uingereza vilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani walianza ya kwao mwaka 1994.

Mwaka 2005 watafiti walirudi nyuma wakazipanga takwimu zote zilizokuwapo. Wakakuta kwamba kufikia mwaka 1970 ushahidi ulitosha, na kwamba ungalikusanywa wakati ule, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza pekee wangalinusurika. Zilichukuliwa hesabu zilizokuwa zimelala makabatini, zikajumlishwa. Kazi ya kujumlisha!

Nilipokuwa mkuu wa shule, mwalimu mmoja wa kike katika shule yangu alifiwa na mtoto wa miezi miwili usiku. Kabla ya matanga kwisha, neno lilikuwa limekwisha pita kisimani: kamlalia. Alipanga chumba kimoja. Angemlaza wapi kwingine? Hakujitetea. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, nami nikautia saini kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari wa darasa la kwanza.

Wala si sisi tu wa kisimani. Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilimfunga maisha mwanasheria Sally Clark, aliyefiwa na watoto wawili wachanga, mmoja mwaka 1996, wa pili 1998. Profesa Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya namna hiyo katika nyumba kama ile ni 1 kati ya milioni 73. Alichukua 1 kati ya 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba watoto hao ni sarafu mbili zilizorushwa, si ndugu wa damu na nyumba moja. Mwanafunzi wangu wa hisabati angeulizwa: una hakika matukio hayo hayahusiani? Mama huyo aliachiliwa mwaka 2003, akafariki mwaka 2007.

Kwetu, malaria, nimonia na matatizo ya uzazi vimeua watoto wengi mno hata kifo cha usingizini hakipati nafasi ya kuulizwa. Aidha, kwa desturi mtoto wetu hulala ubavuni mwa mama na kunyonya usiku. Lakini siku hizi nyumba za mjini zimejaa makochi mapana, mito laini na blanketi nene, na mzazi aliyechoka husinzia kwenye kochi na mtoto kifuani, mahali pa hatari kuliko kitandani. Na bibi bado husema mtoto wa chali atapaliwa. Ajibiwe kwa heshima: mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo anachocheua hakina budi kupanda ndipo kiiingie. Godoro liwe gumu, mto usiwepo, na moshi wa sigara usimfikie, tangu akiwa tumboni.

Jibu lililonipendeza kuliko yote limetoka kwa Wamaori wa New Zealand, ambao vifo vyao vilibaki juu wakati vya Wazungu vikishuka. Kuwaambia wasilale na watoto hakukufaa kitu, ndivyo wanavyolea. Daktari wao mmoja, David Tipene-Leach, pamoja na wasusi, wakaleta wahakura, kikapu bapa kinachosukwa kwa majani marefu ya mmea wa kwao. Mtoto hulazwa humo chali, na kikapu huwekwa kitandani palepale karibu na mama. Nimeona picha yake. Msusi yeyote wa ukili wa Pwani angekimaliza kwa siku chache.