Karakana za Commercial Street

Kabla jua halijapanda, Jogoo Road jijini Nairobi hujaa watu waendao kwa miguu. Wanatoka mitaa ya Eastlands kama Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho, wanavuka reli na kuingia Industrial Area, ambayo wengi wao huiita Indaa. Wengi huishia kwenye mageti ya viwanda kungoja kibarua. Wachache hukata kona hadi Commercial Street, kwenye karakana za serikali ambako watu wa Eastlands wamekuwa wakienda kuthibitisha ufundi wao.

Mitaa hii ilijengwa kwa ajili ya mikono. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kazi nyingi za ufundi wa reli zikashikwa na mafundi Wahindi. Mwafrika alipewa sululu na koleo. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha mafunzo ya ufundi kule Kabete, ambako vijana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Lakini Kabete ni upande wa pili wa mji, na nafasi zilikuwa chache. Kijana wa Eastlands alijifunza kwa kumshikia fundi vifaa na kumtazama kwa makini, miaka ikapita, hadi siku moja akaachiwa kazi aimalize mwenyewe.

Uhuru ulipofika, ajira ndiyo iliyokuwa kilio kikubwa. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi, asilimia 10 kwa waajiri binafsi na asilimia 15 serikalini, nao wafanyakazi wakaahidi kutodai nyongeza ya mishahara. Nafasi zikapatikana kwa muda, lakini mafundi hawazaliwi kwa mkataba.

Kulikuwa na kikwazo ambacho kila mwenye kiwanda alikijua. Ukimchukua mwanagenzi, ukamgharamia kwa miaka kadhaa, jirani yako atamwongezea shilingi chache na kumchukua akiwa ameiva. Basi kila mmoja alingoja mwenzake afunze. Uingereza ilikuwa imepambana na tatizo hilohilo kwa sheria ya mwaka 1964. Kenya, ambayo ilikuwa na sheria ya uanagenzi tangu siku za mwisho za ukoloni, iliirekebisha mwaka 1971 ili waajiri watozwe ada ya mafunzo. Kila mmoja achangie chungu kimoja, na anayefunza wafanyakazi wake arudishiwe sehemu ya gharama. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa sheria za busara zaidi katika historia ya kazi nchini. Kiwango cha ada hiyo katika miaka ya karibuni, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, hakifiki hata bei ya chakula cha mchana kibandani.

Hata hivyo, lililoifanya Commercial Street ijulikane vibandani ni gredi. Mtihani wa ufundi wa serikali una ngazi tatu: unaanza na gredi ya tatu, unapanda hadi ya pili, kisha ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba haukuulizi ulisoma shule gani. Mtu aliyeacha shule ya msingi, akajifunza kuchomelea vyuma Kariobangi au kutengeneza injini Grogan, aliweza kujiandikisha, kulipa ada na kuingia karakanani. Akipasi, alitoka na karatasi ambayo meneja wa kiwanda hakuweza kuipuuza.

Karatasi hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa sababu ufundi wenyewe ulikuwa tayari umejaa mitaani. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi kando ya barabara na kufukuzwa ni wazalishaji. Mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa jua kali, wafanyao kazi nje bila paa, wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vivuli. Nyundo za Kamukunji hazikungoja ripoti wala rais, lakini heshima ya serikali ilihitajika.

Idara ya serikali iliyosimamia ada ya mafunzo na mitihani ya gredi ilipewa sura mpya mwaka 2011, ikawa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Ina vituo pia Mombasa, Kisumu na Athi River, na hapo Industrial Area hufundishwa pia ushonaji wa viwandani.

Siku ya mtihani fundi hupewa mchoro, malighafi na saa alizopangiwa. Hapo hakuna wa kumshikia taa wala wa kumnong'oneza. Anapima, anakata, anaunga, anapiga msasa. Muda ukiisha anaweka kazi yake juu ya meza na kurudi nyuma hatua mbili, huku mtahini akiinama na rula yake kwenye kiungo kile, akitafuta mwanya.